Mtandao Umekatika: Tufahamu Njia Zinazopitisha Habari na Mishahara Yetu



Zamani siku ya mshahara tulipanga mstari mbele ya dirisha la karani, tukatia kidole katika wino, tukapewa noti mkononi. Siku hizi wengi wetu twalipwa kwa simu au kwa benki. Mstari umekwisha, lakini limekuja neno jipya ambalo kila mmoja wetu amelisikia: "Mtandao umekatika." Karani husema hivyo, kapita husema hivyo, na patroni naye husema hivyo. Baada ya neno hilo hakuna mtu wa kuulizwa, kwa maana mtandao hauna uso wala hauna biro.

Katika kiwanda kimoja cha mji wetu, ambacho hatutakitaja jina, vibarua walikaa siku nne bila mshahara kwa sababu ya neno hilo. Mwenye nyumba hakungoja mtandao. Wengine walikopa kwa riba ili watoto wale. Sisi wa tawi la Gihosha tulikwenda biro kuuliza, tukajibiwa: "Ninyi mnajua nini habari za kompyuta?" Na kweli hatukujua. Tulirudi mikono mitupu.

Tangu siku hiyo tuliona yatupasa kujifunza. Tulimwomba kijana mmoja, fundi wa mitambo hiyo na mtoto wa mwenzetu, atufundishe jioni baada ya kazi. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi, kwa hiyo tulimwambia aseme kwa maneno ya kawaida. Hapa chini twaeleza tuliyoyapata. Someni polepole, na wasomeeni wenzenu.

HABARI HUSAFIRI VIPANDE VIPANDE

Chai inayotoka kiwanda cha Teza au cha Rwegura haisafirishwi kama lundo moja. Hutiwa katika mifuko, na kila mfuko huandikwa. Mtandao wa kompyuta hufanya vivyo hivyo. Picha, barua, au amri ya kumlipa mtu faranga fulani hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Kwa kawaida pakiti moja haizidi ukubwa wa herufi 1,500 hivi. Kila pakiti hubeba juu yake anwani mbili: inakotoka na inakokwenda. Anwani hizo ni namba tupu, si majina.

Pakiti hazina dereva mmoja wa kuzifikisha mwisho wa safari. Zinapita kutoka kituo hadi kituo, na vituo hivyo huitwa ruta. Ruta ni mtambo unaokaa katika njia panda ya nyaya. Pakiti ikifika, ruta haiulizi habari nyingi. Inauliza jambo moja tu: "Ili huyu afike kwake, nimpitishe mlango upi?" Kisha humpa jirani, na jirani huuliza vilevile.

Fikirini lori la saruji linalotoka Dar es Salaam kuja Bujumbura kwa barabara. Mtu aliyesimama Dodoma hahitaji kujua mtaa wa Gihosha. Yamtosha kujua ya kwamba mizigo ya Burundi hushika njia ya Singida. Aliyeko Kobero mpakani anajua kwamba mizigo ya Bujumbura huelekea Muyinga. Anayehitaji kujua mtaa ni yule wa mwisho tu.

Basi kila ruta ina daftari lake. Ndani ya daftari imeandikwa: namba zinazoanza hivi, mlango wa kwanza, namba zinazoanza vile, mlango wa pili, na nyingine zote zisizotajwa, mlango wa tatu. Ikiwa pakiti moja yaweza kuingia katika mistari miwili ya daftari, ruta hufuata mstari uliotaja anwani kwa usahihi zaidi. Aliyeandika "Gihosha" hushinda aliyeandika "Burundi". Tushike sana kanuni hii, maana tutaikuta tena mbele.

Kuna jambo jingine la busara. Juu ya kila pakiti imeandikwa hesabu, ambayo haiwezi kuzidi 255. Kila ruta inayoipitisha hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri pakiti hutupwa. Bila hivyo pakiti iliyopotea ingezunguka milele na kuziba njia ya wengine.

NANI ANAANDIKA DAFTARI?

Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Daftari laweza kuandikwa kwa mkono. Fundi huketi, akaandika: mlango huu kwa wote. Katika biro ndogo yenye waya mmoja, hiyo yatosha. Lakini waya huo ukikatika daftari halijui. Litaendelea kupeleka pakiti katika mlango uliokufa mpaka fundi aje alibadilishe. Kama fundi yuko Gitega au amelala, kazi imesimama.

Kwa sababu hiyo watu walitunga kanuni ambazo ruta zenyewe huzifuata ili kuulizana na kujulishana njia, bila kumngoja mtu. Kanuni za mazungumzo za namna hiyo huitwa itifaki. Hakuna ruta kubwa inayokaa mahali pamoja na kuziamuru nyingine zote. Kila moja inasema na jirani zake, na kutoka hapo habari huenea. Itifaki hizi ziko za namna tatu zinazofaa tuzijue.

NAMNA YA KWANZA: KUSIKIA KWA JIRANI

Itifaki ya zamani inaitwa RIP. Kanuni zake zilichapishwa mwaka 1988, ingawa zilikuwa zikitumika kabla ya hapo. Katika RIP kila ruta, kila baada ya sekunde 30, huwasomea jirani zake daftari lake lote: "Mimi nafika mahali fulani kwa kituo kimoja, na mahali fulani kwa vituo vitatu." Jirani huongeza moja na kuandika: "Basi mimi nitafika kwa vinne, nikipitia kwako." Yenye vituo vichache ndiyo njia bora.

Ubaya wake ni huu: habari njema huenea upesi, lakini habari mbaya huchelewa. Tuchukue barabara tunayoijua sote, ya Bujumbura, Bugarama na Kayanza, na tuseme pana ruta moja Bujumbura na moja Bugarama. Bugarama inafika Kayanza kwa hatua 1. Bujumbura inafika kwa hatua 2, kwa kupitia Bugarama. Sasa waya kati ya Bugarama na Kayanza umekatika. Kabla Bugarama haijasema neno, Bujumbura inasoma daftari lake kama kawaida: "Mimi najua Kayanza, hatua 2." Bugarama inafurahi: "Kumbe kuna njia! Basi nitapitia Bujumbura, hatua 3." Bujumbura inasikia na kuandika 4. Bugarama inaandika 5. Kila mmoja anamwamini mwenzake, na hakuna hata mmoja mwenye njia. Pakiti za Kayanza zinakwenda na kurudi baina yao kama mpira.

Ili kukomesha upuuzi huo, RIP iliweka mpaka: hatua 15 ndizo za mwisho, na 16 maana yake ni "hakufikiki". Iliwekwa pia kanuni ya pili: usimrudishie jirani habari ambayo wewe mwenyewe uliisikia kwake. Kwa kanuni hii Bujumbura isingemwambia Bugarama habari za Kayanza, kwa maana iliyasikia kutoka Bugarama. Kanuni hii yatufaa hata sisi watu. Uvumi wa kufukuzwa kazi mara ngapi umezunguka kiwandani ukarudi kwa aliyeuanza, naye akaamini sasa umethibitika?

NAMNA YA PILI: KILA MTU NA RAMANI YAKE

Itifaki ya pili inaitwa OSPF. Ilianza kuandikwa mwaka 1989, na toleo linalotumika sana lilichapishwa mwaka 1998. Hapa ruta haisomi daftari lake kwa jirani. Inatangaza tu yale inayoyaona kwa macho yake: "Mimi ni fulani; nimeunganishwa na huyu na huyu; njia ya huyu ni pana, ya yule ni nyembamba." Tangazo hilo hupitishwa kwa ruta zote za mtandao ule. Mwishowe kila ruta ina matangazo yote, nayo huchora ramani nzima. Kisha kila moja hujifanyia hesabu yake.

Hesabu hiyo ilibuniwa na mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, mwaka 1956, akaichapisha mwaka 1959. Si ngumu. Tuifanye hapa kwa miguu yetu, kwa dakika tulizozitunga kwa mfano tu. Tunatoka Gihosha kwenda mjini. Gihosha hadi Kigobe dakika 4. Gihosha hadi Mutanga dakika 5. Kigobe hadi Mutanga dakika 5. Kigobe hadi Ngagara dakika 6. Mutanga hadi mjini dakika 8. Ngagara hadi mjini dakika 9.

Twaanza na mahali palipo karibu zaidi, ndipo Kigobe, dakika 4. Pamekwisha. Kutoka Kigobe twaweza kufika Ngagara kwa jumla ya dakika 10, na Mutanga kwa jumla ya 9. Lakini Mutanga tunayo njia ya moja kwa moja ya 5, basi ile ya 9 twaifuta. Panapofuata kwa ukaribu ni Mutanga, dakika 5. Kutoka hapo mjini ni jumla ya 13. Panapofuata ni Ngagara, dakika 10. Kutoka hapo mjini ingekuwa 19. Kwa kuwa 13 ni ndogo kuliko 19, twaandika: mjini, pitia Mutanga.

Sasa tuseme mto Ntahangwa umefurika na daraja la Mutanga limekatika. Aliye Mutanga atangaza mara moja: "Sina tena njia ya mjini." Tangazo linaenea, kila mmoja anafuta mstari ule katika ramani, anarudia hesabu, na jibu jipya ni dakika 19 kupitia Kigobe na Ngagara. Ni mbali zaidi, lakini tunafika.

Je, ruta itajuaje kwamba jirani amekufa bila kuaga? Kwa salamu. Desturi ya OSPF mara nyingi ni kusalimiana kila sekunde 10. Salamu zikikosa kwa sekunde 40, jirani huhesabiwa hayupo, na wengine huarifiwa.

NAMNA YA TATU: KATI YA KAMPUNI NA KAMPUNI

Namna hizo mbili ni za ndani ya nyumba moja, yaani ndani ya kampuni moja. Lakini mtandao wa dunia ni maelfu ya kampuni, vyuo na serikali, na hakuna kampuni inayotaka kumwonyesha mshindani wake ramani ya nyaya zake. Basi ilihitajika itifaki ya mpakani. Inaitwa BGP. Ilichorwa mwaka 1989 na mafundi wawili, Yakov Rekhter wa IBM na Kirk Lougheed wa Cisco, walipokuwa kwenye mkutano huko Austin, Texas. Walikuwa mezani kwa chakula, wakaandika mpango wao juu ya karatasi za kufutia mikono. Mpango huo, baada ya kurekebishwa mara kadhaa, ndio unaobeba dunia hadi leo.

Katika BGP kila mtandao unaojitawala hupewa namba yake. Sisi wa Afrika namba hizo, pamoja na anwani, hutolewa na shirika liitwalo AFRINIC, lenye makao yake Mauritius. Mtandao hutangaza kwa majirani: "Anwani hizi ni zangu." Jirani humwambia jirani yake: "Anwani zile zafikika kupitia kwangu," naye huongeza namba yake juu ya orodha. Kwa hiyo kila tangazo hufika likiwa na orodha ya mitandao yote liliyopitia. Mtandao ukiona namba yake mwenyewe katika orodha, hulikataa tangazo, maana ni mzunguko. Hivyo ndivyo walivyoukwepa ule mchezo wa mpira wa Bujumbura na Bugarama. Daftari la ruta kubwa za dunia leo lina mistari karibu milioni moja.

Lakini, ndugu, shikeni hapa. BGP haichagui kwanza njia iliyo fupi. Huchagua kwanza njia ambayo mwenye ruta ameamua kwamba ni bora, na mara nyingi uamuzi huo ni wa pesa. Njia ya kupitia mteja anayetulipa hupendwa zaidi. Hufuata njia ya mwenzi tunayebadilishana naye bila malipo. Ya mwisho ni njia ya kampuni ambayo sisi ndio tunailipa. Urefu wa njia hupimwa baadaye.

Jambo hili halitushangazi sisi tunaopakua mizigo. Bidhaa huja Bujumbura kwa njia nyingi: kwa reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyofika huko mwaka 1914, kisha kwa meli ziwani, kwa barabara ya Kobero, kwa meli kutoka Mpulungu, Zambia, na, hapo awali, kutoka Mombasa kupitia Uganda na Rwanda. Mwezi wa kwanza 2024, mpaka wetu na Rwanda ulipofungwa, hakuna daraja lililovunjika. Barabara ilikuwa pale pale. Lakini njia haikuwapo tena, na lori lililotaka kupita huko ilibidi lizunguke Tanzania. Njia si lami tu au waya tu. Ni pamoja na ruhusa na mkataba.

BURUNDI TUNAFIKAJE BAHARINI?

Nchi yetu haina pwani. Zamani mawasiliano yetu ya kompyuta na dunia yalipanda angani kwa setilaiti, yakawa ghali na ya polepole. Mwaka 2009 mikongo ya baharini ya Seacom na TEAMS ilifika pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Mkongo ni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopitisha habari kwa mwanga. Nyuzi za nchi kavu zikatuunganisha na pwani hiyo kupitia majirani zetu, Tanzania na Rwanda. Ndani ya nchi ulijengwa mkongo wa Burundi Backbone System, wenye zaidi ya kilomita 1,000.

Mwaka 2014 kilifunguliwa Bujumbura kituo cha kubadilishana pakiti kati ya kampuni za hapa hapa. Faida yake ni nini? Mahali pasipo na kituo hicho, kampuni mbili za mji mmoja zisizokuwa na waya baina yao hukutana kwa wauzaji wao wa ng'ambo. Barua ya mtu wa Gihosha kwenda Buyenzi yaweza kufika Ulaya kwanza, na gharama hulipwa kwa fedha za kigeni. Majirani zetu wa Nairobi walianza kituo chao mwaka 2000. Kilifungwa kwa amri baada ya kampuni ya simu ya taifa kulalamika, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Mnaona ya kwamba hata njia fupi hupiganiwa.

Sasa tutazame siku ya tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika yote miwili baharini upande wa Afrika Kusini. Tanzania iliumia sana, na nchi nyingine za eneo letu ziliumia, hii zaidi na hii kidogo. Kumbe upande wa kaskazini nao haukuwa mzima: tangu mwezi wa pili mwaka huohuo mikongo mitatu, pamoja na Seacom, ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu. Ilielezwa kwamba ni nanga ya meli Rubymar, iliyopigwa kombora na kuachwa ielee.

Katika siku kama hiyo itifaki hufanya kazi yake. Ruta huona salamu hazirudi. Hutangaza: "Njia zile nimeziondoa." Majirani hutazama madaftari yao na kuchagua njia iliyobaki. Ndiyo sababu hatukunyamaza wote. Lakini njia iliyobaki hupokea mizigo ya njia tatu, ikajaa, na pakiti nyingi hutupwa. Ndipo simu husema "subiri, subiri".

Fundisho ni hili. Itifaki hutafuta njia iliyopo. Haichimbi njia mpya. Na mikongo miwili iliyolala sehemu moja ya bahari, au waya mbili zilizofukiwa katika mtaro mmoja, si njia mbili. Koleo moja huzikata zote.

MAKOSA YASIYO YA WAYA

Si kila siku waya ndio mbaya. Tarehe 24 Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan ilitaka kuwazuia watu wake wasifikie YouTube. Ikatangaza ndani ya nchi njia ya uongo ya sehemu ya anwani za YouTube. Kwa makosa tangazo lilivuka mpaka, na majirani wakaliamini. Kwa kuwa lilitaja anwani kwa usahihi zaidi kuliko tangazo la YouTube wenyewe, kanuni ile ya daftari ililipa ushindi, na pakiti za sehemu kubwa ya dunia zikaelekea Pakistan. Ilichukua saa mbili hivi kurekebisha. Siku hizi kuna muhuri wa kuthibitisha ni nani mwenye anwani, lakini si mitandao yote inayokagua muhuri huo.

Tena, tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook na WhatsApp zilinyamaza dunia nzima kwa saa sita hivi. Hakuna mkongo uliokatika baharini. Katika matengenezo ya kampuni ile ile ilitolewa amri yenye kosa, nyaya zao za ndani zikaachana, na ruta zao zikaondoa matangazo yao wenyewe. Dunia ikasahau njia ya kwenda kwao.

Basi neno "mtandao umekatika" laweza kuficha mambo manne tofauti: waya umekatika mbali, waya umekatika hapa mlangoni, kuna waya lakini daftari limekosewa, au hakuna kilichokatika, ila kazi haikufanywa kwa wakati.

TULIYOYAKUTA KIWANDANI

Tulipokwisha kujifunza tulirudi katika kiwanda kile, tukauliza kwa adabu na kwa mpango. Tukajua haya. Waya uliokatika ulikuwa karibu na lango, ulikatwa na watu waliokuwa wakichimba mtaro. Mji mzima ulikuwa na mtandao. Mitaa miwili mbali watu walikuwa wakitumiana pesa kama kawaida. Biro ilikuwa na waya mmoja tu, na daftari la ruta yake liliandikwa kwa mkono, mlango mmoja kwa wote. Orodha ya mishahara ilikuwa tayari, lakini ilingojwa ipelekwe siku ya mwisho. Mtu angeweza kuichukua akaipeleka benki kwa miguu. Hakuna aliyefikiri hivyo, kwa sababu waliopata hasara hawakuwa wao.

Hatusemi kwamba patroni alidanganya. Mtandao ulikatika kweli. Lakini kukatika kwa waya ni ajali. Kukosa njia ya pili ni uamuzi wa mtu. Hasara ya uamuzi huo isibebwe na kibarua.

MASWALI YA KUULIZA

Siku mtakapoambiwa neno hilo, wajumbe wa tawi waulize haya kwa utulivu, na waandike majibu:

1. Umekatika wapi: ndani ya kiwanda, kati ya kiwanda na kampuni ya mawasiliano, au nje ya nchi?

2. Jirani zetu wana mtandao? Jambo hili mwaweza kulihakikisha wenyewe kwa simu za kampuni mbili tofauti.

3. Biro ina njia ya pili? Inapita mtaro mwingine na kampuni nyingine, au ni ile ile?

4. Njia ya pili inashika yenyewe, au lazima fundi aje kuandika daftari? Fundi huyo yuko wapi?

5. Orodha ya mishahara ilikuwa tayari lini, na ilipelekwa lini?

MAMBO YA KUDAI KATIKA MKATABA

Sisi wa tawi la Gihosha tumependekeza, na tunaomba matawi mengine yajadili, kwamba katika mkataba wa pamoja na mwajiri yaandikwe haya. Kwanza, orodha ya mishahara ipelekwe angalau siku mbili kabla ya siku ya malipo. Pili, panapolipwa wafanyakazi wengi kwa mtandao, pawe na njia ya pili ya kweli. Katika mashamba ya mbali, ambako waya wa pili ni ghali, yatosha mtu mmoja mwenye orodha ya karatasi na pikipiki. Tatu, ikipita saa iliyokubaliwa bila malipo, watu walipwe noti mkononi na kutia sahihi. Nne, mfanyakazi asikatwe siku aliyotumia kufuata mshahara wake.

Ndugu, tulipokuwa tukijifunza habari hizi, mzee mmoja wa tawi letu aliuliza: "Kama hakuna ruta kubwa inayoamuru zote, mbona mambo yanakwenda?" Kijana fundi akamjibu: "Kwa sababu kila moja inamsalimu jirani, inasema kweli juu ya yale inayoyaona, na jirani akinyamaza inawaarifu wengine bila kuchelewa." Mzee akasema hiyo ndiyo kazi ya mjumbe wa tawi. Sisi hatuna la kuongeza.

Majibu mtakayoyapata kwa maswali yale matano yaleteni kwa katibu wa tawi lenu kabla ya mkutano ujao, yakiwa na tarehe na saa. Tukiyaweka pamoja tutajua ni mara ngapi bahari ndiyo iliyotunyima mshahara, na ni mara ngapi ni mtaro ulio mbele ya lango.

Umoja ni nguvu.

Tawi la Gihosha, Bujumbura